Neno "fair" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa nini neno dogo hivi liandikiwe ukurasa mzima?

Kwa sababu wengi tulifundishwa tafsiri moja tu, "haki", tukaendelea na maneno mengine. Tafsiri hiyo inakufikisha mbali kiasi, halafu unakutana na "fair hair", na nywele hazina haki wala dhuluma. Unasoma "a fair amount of money" ukadhani ni malipo anayostahili mtu, kumbe mwandishi anasema tu kwamba fedha hizo hazikuwa kidogo. Unaona "fair" kwenye ripoti ya mwanafunzi unafurahi, ilhali mwalimu amesema mtoto hajafika hata "good". Anayekosea hapo si mvivu. Neno lenyewe limebeba maana ambazo Kiswahili kimezigawa kwa maneno mengi tofauti, na hakuna moja linalozikusanya zote.

Nitajuaje ni maana ipi inayokusudiwa?

Tazama nomino inayofuata kabla hujafikiria tafsiri. Likifuatwa na hukumu, kanuni, uchaguzi, mchezo au bei, ni haki. Likifuatwa na ngozi au nywele, ni weupe. Hali ya hewa na upepo ni habari ya utulivu na wema. Kiasi, idadi au umbali ni habari ya wingi. Likisimama peke yake kwenye orodha ya madaraja, ni wastani. Na likiwa mbele ya mwanamke au mji katika ushairi wa zamani, ni uzuri.

Maana ipi ilitangulia?

Uzuri. Katika Kiingereza cha kale neno lilikuwa "fæger", nalo lilimaanisha kitu kizuri, kinachopendeza macho. Kutoka hapo safari yake inafuatika: kilicho kizuri ni safi, kisicho na doa, na mwenendo usio na doa ni mwenendo wa haki. Kufikia karne ya 14 tayari lilitumika kwa maana ya kutopendelea upande. Maana ya weupe wa ngozi na nywele nayo ilichipuka kutoka kwenye uzuri, kwa sababu jamii ya Waingereza wa zama hizo iliuhesabu weupe kuwa sehemu ya urembo. Yaani "fair" halikuanza kama jina la rangi. Lilianza kama sifa ya uzuri, kisha uzuri ukapewa rangi. Nadhani hilo ni jambo la kukumbuka kila unapolitumia kumweleza mtu.

Maana ya uzuri imebaki katika maandishi ya kale na katika ngano. Mwanzoni kabisa mwa tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, wachawi watatu wanasema "Fair is foul, and foul is fair". Anayetafsiri "haki ni dhuluma" ameukosa mstari. Wachawi wanasema kizuri ni kibaya na kibaya ni kizuri, na tamthilia nzima inakwenda kuonyesha jinsi kinachopendeza machoni kinavyoficha uovu.

Kinyume chake ni "unfair", sivyo?

Ni hivyo kwa maana ya haki tu. Nywele zisizo "fair" huitwa "dark", na hakuna Mwingereza atakayeziita "unfair". Hali ya hewa ikiharibika huitwa "foul" au "bad" tu.

Na hilo "foul" tunalo sisi. Ndilo lililoingia viwanjani kwetu likawa "faulo". Kila mtangazaji anapopaza sauti kwamba ni faulo, anatumia kinyume cha kale cha "fair", kilekile walichokitamka wachawi wa Shakespeare. Katika besiboli maneno haya mawili bado yanatazamana uso kwa uso: mpira uliopigwa ukabaki ndani ya mistari ni "fair ball", ukiangukia nje ni "foul ball". Hapo hakuna aliyetenda wema wala ubaya. Ni kuwa ndani au nje tu.

Basi kwenye sheria, "haki" inatosha?

Mara nyingi inatosha, lakini hapa ndipo mtafsiri anapotoka jasho, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Neno letu "haki" linafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. Lile analolidai mtu kuwa ni lake, Kiingereza huliita "right". Ile inayotafutwa mahakamani huitwa "justice". Na namna ya kuwatendea watu bila kuwapunja ndiyo "fairness". Sasa chukua maneno ya kawaida ya kisheria, "the right to a fair trial". Ukitafsiri neno kwa neno unapata "haki ya kesi ya haki", na msomaji anabaki akijiuliza haki gani inazungumzwa. Wengi hukimbilia "haki ya kuhukumiwa bila upendeleo". Inasomeka vizuri, lakini haikufai kila mahali.

Angalia Kifungu cha 10 cha Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948. Kifungu hicho kinasema kila mtu anastahili, kwa usawa kamili, kusikilizwa kwa namna iliyo "fair and public" mbele ya chombo cha hukumu kilicho "independent and impartial". Hesabu mawazo yaliyomo. Usawa umeshatajwa. Kutopendelea nako kumeshatajwa, maana ndiko "impartial". Ukiitafsiri "fair" kuwa "bila upendeleo" utakuwa umesema jambo moja mara mbili na kuacha jingine. Ukiitafsiri "kwa usawa" utarudia kilichosemwa mwanzoni mwa sentensi. Kinachobaki, na kinachokaa vizuri, ni "kusikilizwa kwa haki na hadharani".

Ninachofanya mimi ni kutumia "kwa haki" kama kielezi cha tendo, na kuepuka "ya haki" iwapo sentensi tayari ina haki nyingine. "Ana haki ya kesi yake kusikilizwa kwa haki" bado ina haki mbili, ila sasa kila moja ina kazi yake na sikio linazipambanua. Pale ambapo hakuna "impartial" jirani, "bila upendeleo" inakubalika kabisa.

Kuna tofauti gani kati ya "fair", "just" na "equal"?

"Equal" ni sawasawa kwa kipimo. Mpe mtoto wa miaka 3 na kijana wa miaka 15 chakula cha kiasi kilekile: umegawa "equally", lakini wengi watasema si "fair", kwa kuwa mahitaji yao hayalingani. "Fair" inaangalia anachostahili kila mmoja na kama kanuni zilizotumika ni zilezile kwa wote.

"Just" ni nzito zaidi. Inakaa na sheria, vita, utawala na hukumu ya Mungu: "a just cause", "a just war". "Fair" ni ya kila siku, ya foleni, ya mchezo, ya kugawana kazi za nyumbani. Mtoto anayelalamika kwa Kiingereza husema "It's not fair!" Hatasema "It's not just!", maana angesikika kama jaji. Huyo mtoto kwa Kiswahili angesema "Unanionea!", na kwa maoni yangu hiyo ndiyo tafsiri bora ya malalamiko yake kuliko sentensi yoyote yenye neno haki.

Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls aliyaunganisha maneno haya mawili kwa makusudi aliposema "justice as fairness". Hoja yake ni kwamba kanuni za jamii yenye haki ni zile ambazo watu wangezikubali wakiwa katika mazingira ambayo hakuna anayejua atazaliwa tajiri au maskini, mzima au mgonjwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kujipendelea. Kwa Kiswahili, ukiandika "haki kama haki" umeizika hoja. "Haki kama kutopunjana" inasikika ngeni kidogo, lakini walau inasema kitu. Kama unadhani tatizo ni la Kiswahili peke yake, Wajerumani nao walilichukua neno "fair" jinsi lilivyo wakaliingiza katika lugha yao.

"Free and fair election" nitafsiri vipi?

"Uchaguzi huru na wa haki." Imeshazoeleka, usiivumbue upya. Ila usizichukulie sifa hizo mbili kama pacha. "Free" inahusu uhuru wa watu kugombea, kufanya kampeni na kupiga kura bila kutishwa. "Fair" inahusu kanuni kuwa moja kwa wote na kura kuhesabiwa kama zilivyopigwa. Uchaguzi unaweza kupita kwenye mtihani mmoja ukaanguka kwenye wa pili.

Na "fair play"?

Mchezo wa kiungwana. Tafsiri hii naipenda kwa sababu haikung'ang'ania neno haki. "Fair play" haiishii kwenye kufuata sheria. Inagusa pia tabia, kama kutoa mpira nje ili mpinzani aliyeumia ahudumiwe, jambo ambalo hakuna sheria inayokulazimisha kulifanya.

Lakini wakati mwingine maneno hayohayo yanageuka kuwa hesabu kavu. Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, Japani na Senegal zilimaliza Kundi H zikiwa zimefungana kila kitu: pointi 4 kila moja, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na mechi yao wenyewe iliisha 2–2. Kigezo kilichofuata kilikuwa pointi za "fair play". Japani ilikuwa na kadi 4 za njano, Senegal 6. Senegal ikarudi nyumbani, timu ya kwanza kuondolewa kwenye Kombe la Dunia kwa kigezo hicho. Kuandika kwamba Senegal ilitolewa kwa kukosa uungwana ni kuwakosea wale vijana. Andika kwamba ilitolewa kwa idadi ya kadi, maana ndicho kilichohesabiwa.

Kwenye biashara linamaanisha nini?

Inategemea nani anazungumza. Mnunuzi akisema "a fair price" anamaanisha bei isiyomuumiza yeye wala muuzaji. "Bei nzuri" si sawa kabisa, kwa kuwa bei nzuri kwa mnunuzi yaweza kuwa hasara kwa muuzaji. "Bei ya haki" au "bei inayofaa" ni bora. "Fair trade" ni biashara ya haki, ile inayojali mkulima au fundi aliyeko mwanzo wa mnyororo alipwe inavyostahili.

Mhasibu naye akisema "fair value" hazungumzii maadili hata kidogo. Kwa viwango vya kimataifa vya uhasibu, hiyo ni bei ambayo mali ingeuzwa siku ya kuthaminiwa, katika mauziano ya kawaida sokoni, bila muuzaji kulazimishwa. Hapo "thamani ya soko" inakaribia kuliko "thamani ya haki". Na mkaguzi anayeandika kwamba hesabu zinatoa "a true and fair view" anasema zinaonyesha hali halisi na hazimpotoshi msomaji. Ningeandika "picha ya kweli na isiyopotosha".

"Fair use" ya hakimiliki ni ruhusa ya kutumia kazi ya mtu bure?

Hapana, na kutoelewa hapa kunaweza kukugharimu. "Fair use" ni utetezi katika sheria ya Marekani, uliowekwa kwenye kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya 1976. Mahakama hupima mambo manne: umetumia kwa lengo gani, kazi uliyoitumia ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na matumizi yako yanaathiri vipi soko la kazi hiyo. Hakuna idadi ya maneno au sekunde iliyohalalishwa kwa kila hali, hata kama umesikia watu wakiitaja kwa uhakika. Uingereza na nchi nyingi zilizofuata mfumo wake hutumia "fair dealing", ambayo ni finyu zaidi kwa kuwa inataja malengo maalumu yanayoruhusiwa, kama utafiti, uhakiki na habari. Maneno yanafanana, sheria ni mbili.

Mwalimu ameandika "fair". Nifurahi?

Usihuzunike, lakini usipige vigelegele. Kwenye ngazi ya kawaida ya "excellent", "good", "fair" na "poor", neno hili liko la pili kutoka chini. Maana yake ni wastani, si mbaya, pana nafasi ya kuboresha.

Mpangilio kama huo upo hospitalini pia. Hospitali za Marekani zinapoeleza vyombo vya habari hali ya mgonjwa, hutumia kwa kawaida "good", "fair", "serious" na "critical". Mgonjwa aliye "fair" ana fahamu, mapigo ya moyo na viashiria vingine viko kwenye kiwango cha kawaida, ila huenda hajisikii vizuri. Gazeti likitafsiri kuwa "hali yake ni nzuri" limemponya kabla ya wakati. "Hali yake ni ya kuridhisha" inatosha.

Mbona "a fair amount" ni nyingi, ilhali daraja la "fair" ni la wastani?

Swali zuri sana, na ndilo linalowachanganya hata waliobobea. Kwa idadi, umbali na ukubwa, "fair" inasukuma juu: "a fair distance" ni mwendo, si karibu, "a fair number of people" ni watu wengi kiasi, "a fair few", ya Waingereza, pia ni wengi, japo ina neno "few" ndani yake. Kwa ubora, "fair" inavuta kuelekea katikati: "a fair attempt" ni jaribio la kuridhisha tu. Kiini ni kimoja, kwamba kitu kinatosha. Kutosha kwa wingi ni sifa. Kutosha kwa ubora si pongezi kubwa.

"Fairly" nayo?

Ina maana mbili na mahali ilipokaa ndipo panapoamua. Ikielezea tendo ni "kwa haki": "They treated us fairly." Ikitangulia kivumishi ni "kiasi": "a fairly easy exam" ni mtihani rahisi kiasi, na haki haimo. Kumbuka ni dhaifu kuliko "very". Vitabu vya sarufi huongeza kwamba "fairly" hupenda sifa zinazotakiwa na "rather" zile zisizotakiwa, kwa hiyo chumba "fairly warm" kinapendeza na chumba "rather warm" kinakera. Wazungumzaji hawaifuati kanuni hii kila mara, ila masikio yao yanaijua.

"Unfairly" haina maana ya pili. Ni "kwa dhuluma" tu.

Nikisikia "play fair", mbona si "play fairly"?

Ni misemo iliyoganda. "Play fair" na "fight fair" ni sahihi; vivyo hivyo "fair and square", yaani kwa haki bila hila yoyote. Kwingine tumia "fairly".

Ni sawa kumwita mtu "fair"?

Kama unamaanisha anatenda haki, ndiyo, ni sifa kubwa. Kama unamaanisha rangi, fikiria kwanza unazungumza na nani. Uingereza "she's fair" mara nyingi huelekea zaidi kwenye nywele za rangi ya dhahabu na ngozi inayoungua jua haraka. Katika Kiingereza cha India "fair" ni weupe ukilinganishwa na wenzako wa hapohapo, kwa hiyo mtu anayeitwa hivyo kwenye tangazo la kutafuta mchumba anaweza kuwa yule ambaye kwa Kiswahili tungemwita wa maji ya kunde.

Neno hapo linabeba uzito wa ile historia ya uzuri kupewa rangi. Krimu ya kung'arisha ngozi iitwayo Fair & Lovely iliuzwa India kwa jina hilo tangu 1975; mwaka 2020 kampuni ya Unilever iliibadilisha jina ikaitwa Glow & Lovely baada ya ukosoaji wa muda mrefu kwamba jina linafundisha wasichana kuwa weupe ndio urembo. Ushauri wangu: ukitaka kuelezea rangi, tumia "light-skinned" pale inapohitajika kweli, na uiache "fair" kwa nywele.

Kwenye hali ya hewa?

Hakuna mvua, mawingu ni machache, upepo si wa kutisha. Kwenye barometa za kizamani za ukutani, maneno hupangwa kadiri kanieneo ya hewa inavyopanda: "Stormy", "Rain", "Change", "Fair", "Very Dry". "Fair wind" ni upepo unaokisukuma chombo kule kinakotaka kwenda. Na "fair-weather friend" ni yule anayeonekana wakati wa raha tu, kinyume kabisa cha yule wa methali yetu, akufaaye kwa dhiki.

Watu husema "fair enough" kila saa. Wanamaanisha nini?

"Haya, nimekuelewa, sina pingamizi." Si lazima wawe wamekubali, wameona hoja yako ina msingi. "Fair point" inakubali zaidi: "hapo umesema kweli". "To be fair" hutangulia jambo la kumtetea mtu aliyekuwa akisemwa, na "tusimwonee" inaifaa vizuri: "To be fair, she did warn us", yaani tusimwonee, alitutahadharisha. Angalia sauti, kwa sababu "fair enough" iliyotamkwa kwa mkato inaweza kuwa mlango unaofungwa.

"Fair game" ilitoka kwa wawindaji, ikimaanisha mnyama anayeruhusiwa kuwindwa. Leo ni mtu au jambo ambalo ni ruksa kulikosoa. Waaustralia wana "a fair go", nafasi ya kujaribu anayostahili kila mtu, na wanaithamini mno. Usiifanyie mzaha mbele yao. "Fair copy" ni nakala safi, iliyoandikwa upya baada ya masahihisho.

Ya maonyesho je? "Book fair", "trade fair"?

Hilo ni neno jingine lililofanana kwa bahati. Lilitoka kwenye Kilatini "feria", siku ya sikukuu, likapitia Kifaransa. Soko kubwa lilikuwa likifanyika siku za sikukuu, jina likabaki kwenye soko.

Na "fare" na "fairy"?

"Fare" hutamkwa sawasawa na "fair" lakini ni nauli. "Bus fair" ni kosa la tahajia ambalo kompyuta huenda isilikamate, kwa kuwa maneno yote mawili yapo. "Fairy", kiumbe wa hadithi, anatoka kwenye Kifaransa cha kale na nyuma yake Kilatini "fata", miungu ya majaliwa. Hana undugu na "fair", hata akichorwa mweupe na mrembo kiasi gani.

Ulinganisho wake?

"Fairer" na "fairest". "More fair" husikika, hasa kwa maana ya haki, lakini kwenye maandishi rasmi andika "fairer".